Mfanyabiashara Apigapo Hodi Katika Simu



Soko la Rumonge limekuwa na sauti zake tangu zamani. Muuza ndagala hunadi ndagala zake, mwenye mawese hunadi mawese, na kijana wa kubeba mizigo hupita katikati yao akiomba njia. Asiyetaka kununua hupita zake, wala hatujasikia mtu aliyekwenda polisi kushtaki kwamba amenadiwa samaki bila ya ridhaa yake. Soko ni mahali pa wote, na anayeingia humo amekubali kuzisikia kelele zake.

Siku hizi mnada umehama. Mwenye duka la nyavu na mashine za mitumbwi, mwenye hoteli ya ufukweni, wakala wa usafiri wa barabara ya Bujumbura hadi Nyanza-Lac, mkopeshaji, muuza viwanja, wote wamegundua kwamba simu ni soko lisilofungwa. Ujumbe mfupi mmoja huwafikia watu mia tano kabla mpiga mbiu hajamaliza kusafisha koo. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Biashara ni riziki, na mji wa bandari usiouza ni mji unaokufa. Lakini simu si soko. Simu humfuata mtu kitandani, humfuata hospitali akimwuguza mwanawe, na humlilia askari akiwa lindoni usiku. Kwa sababu hiyo mataifa mengi yametunga sheria za kumtaka mwenye kuuza kwa simu apate kwanza ridhaa ya mteja. Katika mazungumzo haya tutaeleza sheria hizo zataka nini, mfanyabiashara afanye nini ili asiangukie upande wa makosa, na kwa nini jambo hili lawahusu ninyi wenye sare kuliko linavyowahusu wengine.

Mila ya watu wa mwambao huu yatosha kutuingiza katika maana ya sheria hizo. Mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi na kujitaja ni nani. Asipojibiwa hurudia, na hodi ya tatu isipojibiwa, huondoka. Akiambiwa karibu huingia barazani, wala haendi chumbani kwa kuwa tu ameruhusiwa barazani. Ridhaa ya mteja ina sehemu hizo hizo. Lazima ajulikane anayeomba, kieleweke anachokiomba, jibu litoke kwa hiari ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba awe na haki ya kusema kesho yale ambayo hakuyasema leo, yaani kwamba sasa basi, ondoka. Kimya si karibu.

Wafanyabiashara wengi hukosea hapo, tena bila ya nia mbaya. Mtu anafika kwa wakala wa Lumicash au EcoCash kutuma fedha, na namba yake inaandikwa daftarini. Mwingine anaacha namba kwa fundi ili aitwe mashine ya mtumbwi ikiwa tayari. Wa tatu anaiandika katika kitabu cha wageni cha hoteli. Watu hao watatu wametoa namba, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekubali kuletewa matangazo. Namba iliyotolewa kwa jambo moja haijatolewa kwa jambo jingine. Sheria nyingi tutakazozitaja zimejengwa juu ya msingi huo, na mfanyabiashara anayeushika atakuwa amejiepusha na sehemu kubwa ya matatizo.

Tuanze na nyumbani. Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inalinda maisha ya faragha ya mtu. Makampuni ya simu yako chini ya ARCT, shirika la serikali la kusimamia na kudhibiti mawasiliano. Na tangu tarehe 16 Machi 2022 nchi ina sheria namba 1/10 ya kuzuia na kuadhibu makosa ya jinai yanayotendwa kwa njia ya mitandao, ambayo maafisa wa upelelezi yawapasa kuijua vizuri. Lakini Rumonge haitazami Bujumbura peke yake. Ng'ambo ya ziwa wapo watu wa Kalemie na Baraka, na kusini wapo watu wa Kigoma. Mvuvi mmoja huweza kuwa na laini tatu za nchi tatu, na mwenye duka la nyavu huwa na wateja katika pwani zote. Kwa hiyo hapana budi ajue jirani zake wamesema nini.

Tanzania, katika Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 32, imekataza kumtumia mtu matangazo ya bidhaa au huduma asiyoyaomba, isipokuwa mteja awe ameridhia, mtumaji ajitaje mwanzoni mwa ujumbe na kusema shabaha yake, na ujumbe wenyewe umpe mteja njia ya kukataa mwingine usije. Sheria hiyo imekuwa na busara pia kwa mteja wa zamani. Kama namba ilipatikana katika kuuziana, na tangazo ni la bidhaa za namna ile ile, na mteja alipewa nafasi ya kukataa tangu mwanzo asikatae, na anapewa nafasi hiyo katika kila ujumbe unaofuata, basi huhesabiwa kuwa ameridhia. Aliyemwuzia mvuvi nyavu aweza kumtangazia nyavu mpya. Hawezi kwa kibali hicho hicho kumtangazia mikopo. Baadaye Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Rwanda ina sheria yake ya Oktoba 2021, Uganda ya mwaka 2019, na Kongo imeweka kanuni za mambo hayo katika msimbo wake wa kidijitali wa Machi 2023. Kadhalika Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba huko Malabo mwaka 2014, ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2023. Kifungu chake cha 4 chazitaka nchi zilizouridhia zikataze kumtangazia mtu biashara kwa kutumia taarifa zake bila ya ridhaa yake ya awali.

Kenya ndiko sheria imeonekana ikiuma. Sheria yao ya mwaka 2019 ilimweka Kamishna wa Ulinzi wa Data, na kamishna huyo hakukaa kimya. Mwezi Aprili 2023 kampuni ya Whitepath, ya kukopesha kwa simu, ilitozwa faini ya shilingi milioni 5 za Kenya. Mwezi Septemba mwaka huo huo kampuni ya Mulla Pride, nayo ya mikopo ya simu, ikatozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine, kisha kuwapigia wenye namba hizo na kuwapelekea ujumbe wa vitisho. Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Mtu mmoja anakopa. Kampuni inachota orodha ya jamaa na rafiki zake. Kisha mjomba asiyejua habari yoyote anasumbuliwa kwa deni lisilo lake. Aliyekopa hakuwa na uwezo wa kutoa ridhaa kwa niaba ya mjomba. Na yafaa mwenye biashara wa Burundi akumbuke kwamba sheria ya Kenya yamshika hata asiye na ofisi Kenya, maadamu anatumia taarifa za watu waliomo Kenya.

Sasa mfanyabiashara afanyeje? Kwanza atenganishe maombi mawili. Anapochukua namba ya kumwitia mteja mashine yake, na aulize swali la pili kwa maneno yake: je, wataka pia kuarifiwa bei mpya? Jibu likiwa ndiyo, aandike tarehe, mahali, na maneno aliyoulizwa mteja. Kuandika huku ndiko kunakosahauliwa, na ndiko kunakomwokoa mtu siku ya mashtaka, kwa sababu katika sheria nyingi za namna hii mzigo wa kuthibitisha ridhaa uko juu ya mwuzaji. Daftari la kawaida la duka latosha. Hakuna sheria inayodai mashine ya gharama.

Kila ujumbe na ujitaje. Ujumbe usemao tu "bei zimeshuka, piga namba hii" hautofautiani na ule wa tapeli, na mwenye biashara halali anayejificha anajivunjia heshima mwenyewe. Ujumbe uoneshe pia njia ya kujitoa, njia rahisi isiyomgharimu mteja salio lake. Mteja akisema basi, iwe basi kwa simu, kwa ujumbe mfupi na kwa WhatsApp pia. Si kuhama kutoka chombo kimoja kwenda kingine kama mwizi anayebadili dirisha.

Hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo. Wengi hudhani kwamba mteja akikataa, dawa ni kuifuta namba yake kabisa. La hasha. Namba iliyofutwa hurudi. Mwezi ujao kijana mwingine wa dukani ataiona katika kitabu cha zamani na kuipiga upya. Namba ya aliyekataa yapasa kuhifadhiwa katika orodha ya waliokataa, namba tu bila ya maelezo mengine, na kila orodha ya kupigia ilinganishwe na hiyo kabla ya kazi kuanza. Wamarekani walilifanya jambo hili kwa nchi nzima. Mwaka 2003 walifungua daftari la taifa la wasiotaka kupigiwa, na leo lina namba zaidi ya milioni 200. Sheria yao ya mwaka 1991 yaweza kumgharimu mwuzaji dola 500 kwa simu moja, na hadi dola 1,500 akithibitika kuwa alikusudia. Kwao pia ni marufuku kupigia nyumba ya mtu simu ya biashara kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 3 usiku. Saa hizo ni za busara hata pasipo na sheria ya kuzitaja, ingawa pwani yenye wavuvi wanaofanya kazi usiku kucha na kulala mchana yataka busara zaidi kidogo.

Jambo jingine ni namba zinazobadili wenyewe. Laini isiyotumika kwa muda hurudishwa na kampuni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Ridhaa haihami pamoja na namba. Marekani mwaka 2021 ilianzisha daftari la kuwasaidia wafanyabiashara kujua namba zilizohama. Rumonge dawa ni kumsikiliza anayepokea. Akisema "mimi siye", na aaminiwe, na namba ipigwe mstari.

Na asiwepo anayedhani kwamba ataokoka kwa kumwajiri kijana ampigie simu, au kwa kununua orodha kutoka kwa mtu. Aliyetuma ndiye aliyepiga. Ama orodha ya kununua, hiyo tungeshauri isinunuliwe kabisa, kwa sababu mwuzaji wa orodha hana cha kuuza: ridhaa ya watu wale, kama iliwahi kuwapo, haikutolewa kwa mnunuzi.

Tumefika kwenye jambo linalowahusu ninyi. Askari ni mteja anayetamaniwa. Mshahara wake ni wa kila mwezi, mwajiri wake hafungi duka, na makazi yake yanajulikana. Hapana aibu katika hilo. Tuseme karibu na kambi kuna duka linalokopesha magodoro, baiskeli na mabati. Mwenye duka ana haki ya kuweka daftari la madeni, na katika daftari hilo huandika jina, cheo, namba ya simu, kikosi, na tarehe ya kulipa. Ni hesabu ya kawaida. Kisha shemeji yake anaanza biashara ya kukopesha fedha na kuomba daftari lile kwa siku moja. Siku ile moja, kilichotoka dukani si orodha ya wateja tena. Ni orodha ya kikosi. Asiye rafiki akiipata atajua ni watu wangapi, ni vyeo gani, nani amekuwa kimya miezi sita kwa hiyo huenda yuko safarini, na nani ameelemewa na madeni. Askari aliyeelemewa na madeni, na ambaye adui anajua kwamba ameelemewa, ni mlango uliokwisha funguliwa nusu. Katika miaka ambayo askari wetu walihudumu Somalia, kuanzia Desemba 2007 hadi mwisho wa 2024, familia nyingi zilikaa zikisubiri simu. Namba ya mke wa askari aliye safarini, ikiwa mikononi mwa mtu asiyestahili, yaweza kuleta habari ya uongo yenye kuvunja moyo wa nyumba nzima.

Wapo watakaosema kwamba tunatia chumvi. Mwezi Novemba 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa taarifa ya majaribio yao. Walikwenda kwa makampuni yanayouza taarifa za watu kwa ajili ya matangazo, wakanunua taarifa za askari wa Marekani walio kazini, zenye majina, makazi, habari za afya na za fedha. Bei ilianzia senti 12 za dola kwa askari mmoja. Hakuna jasusi aliyetumwa, wala kufuli iliyovunjwa. Lilikuwa soko halali likifanya kazi yake. Karibu miaka sita kabla ya hapo, Januari 2018, mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, alionesha kwamba ramani iliyotolewa na programu ya mazoezi iitwayo Strava ilifichua mizunguko ya askari waliokuwa wakikimbia ndani ya kambi zao katika nchi za vita. Kila askari alikuwa amebonyeza "nakubali" siku ya kwanza, na hakuna aliyekuwa amekubali kuichora kambi yake.

Kwa hiyo askari anayeombwa namba dukani na aulize ni ya nini. Penye deni halali, atoe jina na namba. Cheo na kikosi si lazima kwa godoro. Na afisa au karani mwenye orodha ya askari kwa kazi zake asiigawe kwa mwenye duka, kwa chama cha mikopo, wala kwa kampuni ya bima, hata kwa ahadi ya punguzo la bei kwa wote. Mkubwa wa kikosi hana uwezo wa kuridhia kwa niaba ya walio chini yake katika mambo ya biashara. Amri yake ni ya kazi.

Polisi wana mzigo wa aina nyingine. Mwananchi akija kituoni na simu mkononi akilalamika, afisa na apambanue mambo matatu yanayofanana kwa sura. Liko tangazo la mfanyabiashara anayejulikana, aliyesahau kuomba ridhaa au asiyesikia aliambiwa basi. Huyu mara nyingi neno moja la onyo humtosha, na shauri lake huweza kupelekwa kwa kampuni ya simu au ARCT. Uko usumbufu wa mkopeshaji anayetisha na kuaibisha. Na uko utapeli mtupu uliovaa kanzu ya biashara. Watanzania wanaujua vizuri ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaotumwa kwa maelfu kwa matumaini ya kumpata mmoja ambaye kweli alikuwa na deni la kulipa. Tanzania ilisajili laini kwa alama za vidole na kuanza kuzima zisizosajiliwa tarehe 20 Januari 2020, lakini matapeli hawakuisha. Mamlaka ya huko ikawapa wananchi namba 15040 ya kupelekea habari za namba za matapeli.

Kwa vyovyote vile, mlalamikaji aambiwe asiufute ujumbe. Iandikwe namba iliyotuma, siku, saa, na maneno yenyewe jinsi yalivyo. Aulizwe kama aliwahi kutoa namba yake kwa mtu huyo, wapi, na kwa jambo gani. Na polisi mwenyewe asilichukue daftari la wakala wa fedha ili "kutazama tu", bila ya kufuata taratibu za upelelezi. Namba zilizomo humo zilitolewa kwa kutuma fedha, na kanuni tuliyoitaja haimvui mtu kwa sababu ya sare.

Limebaki swali ambalo wenye maduka huuliza: madaftari ya zamani, yenye mamia ya namba ambazo hakuna anayekumbuka zilipatikanaje, yafanywe nini? Wengine huona rahisi kuwapelekea wote ujumbe mmoja wa kuwauliza kama wanataka matangazo. Uingereza mwezi Machi 2017 shirika la ndege la Flybe lilitozwa faini ya pauni 70,000 kwa barua pepe za namna hiyo, zilizopelekwa kwa watu waliokwisha kukataa matangazo, na kampuni ya magari ya Honda ikatozwa pauni 13,000 kwa kuwaandikia watu ambao haikuweza kuthibitisha ridhaa yao. Msimamizi wa huko alisema kwamba kumwomba mtu ridhaa ya matangazo kwa njia hiyo ni tangazo pia. Mwenye duka wa Rumonge ana bahati ambayo shirika la ndege halina. Wateja wake hurudi wenyewe kununua uzi wa nyavu au mafuta ya mashine. Na awaulize hapo hapo mezani, mmoja mmoja, daftari likiwa wazi na kalamu mkononi.